Kashindi Hakuiba Sauti

Kama mtoto wako anafungua mdomo kulia na wewe husikii kitu, acha kazi uliyo nayo mkononi, usomewe maneno haya leo. Mimi ni Mwajuma wa Kindu, mke wa Salumu. Ninaandika kwa herufi nilizofundishwa katika chuo cha Kurani nikiwa msichana, na mwandiko wangu si mzuri, mnisamehe. Dawa siijui. Ninaijua tu njia tuliyopita, mimi na watoto wangu wawili. Aibu yangu nitaiweka humu humu pamoja na njia hiyo, maana nimejaribu kuvitenganisha miaka mingi na nimeshindwa.

Mama yangu alikuwa Mukusu, mwenyeji wa huku bara, baba yangu alifuatana na watu wa pwani waliokuja kutafuta pembe za ndovu. Nilipoolewa niliingia katika nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Zena, aliyezaliwa pwani na hakuacha mtu asahau. Kwake mpunga ulitwangwa mara tatu. Mara ya kwanza yanatoka makapi, na mchele unabaki na wekundu wake. Huo ulikuwa wa watu wa jikoni. Mara ya pili na ya tatu zinatoka pumba, ule unga laini wa rangi ya udongo, mpaka mchele unakuwa mweupe kabisa. Halafu unaoshwa hadi maji yatoke safi, unachemshwa, na maji ya kuchemshia yanamwagwa nyuma ya nyumba. Pumba zilikwenda jikoni na kwa kuku. Bi Zena alisema mtu akitaka kujua nyumba ya waungwana atazame sinia la wali. Hakuna aliyeshika maneno hayo kuliko mimi. Mama yangu alikula pumba maisha yake yote, nami sikutaka ijulikane.

Mwanangu wa kwanza, Ramazani, alizaliwa wakati wa mavuno ya mpunga. Mzazi kwetu hukaa ndani siku arobaini, na chakula chake kinachaguliwa. Changu kilikuwa wali mweupe na mchuzi wa kuku kidogo, asubuhi na jioni. Kunde zilikatazwa kwa kuwa zingemvimbisha mtoto tumbo. Sombe, yaani majani ya muhogo, ilikatazwa, samaki wa mto alikatazwa. Siku arobaini zilipokwisha Bi Zena akaongeza arobaini nyingine, kwa sababu ni mjukuu wa kwanza. Nilijiona nimetunzwa kama mke wa sultani.

Miguu yangu ilianza kuumwa kabla ya mtoto. Kwanza nyayo zilikuwa zinawaka, mpaka nikawa naziweka kwenye udongo uliolowa. Halafu moto ukazimika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku moja nilitoka chumbani kwenda msalani, na niliporudi Bi Zena akaniuliza kiatu changu cha pili kiko wapi. Kilikuwa kimenitoka njiani na mimi sikujua. Mashavu ya miguu yalikuwa mazito, ukiyabonyeza kidole kinaacha shimo. Nilisema ni uchovu wa uzazi. Wote walisema hivyo.

Kisha Ramazani akabadilika. Alikuwa ananyonya kidogo, anatapika, anavimba uso. Kope za macho zilimshuka. Mwezi wake wa tatu alianza kulia kwa sauti iliyokwaruza, na baada ya siku chache haikuwapo hata hiyo. Uso unakunjamana, ulimi unatetemeka, machozi yanatoka, na nyumba iko kimya. Wewe ambaye hujaona jambo hilo usiombe kuliona. Nilikuwa nikiweka sikio langu mdomoni mwake, na nilichosikia ni pumzi tu.

Kwa kuwa sikuweza kumsikia nikisinzia, nilifunga uzi. Upande mmoja kwenye mkono wake, upande wa pili kwenye kidole changu cha shahada. Akijinyonganyonga, uzi unavuta, naamka. Kwenye kidole cha mguu haingefaa, vile vilikuwa vimekwisha kufa.

Tulimpeleka kwa mwalimu. Baraza yake ilikuwa na mikeka miwili, na akina mama walikaa wakingoja zamu kuanzia sala ya asubuhi. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akazisuuza kwa maji, na maji hayo tukamnywesha mtoto kwa kijiko. Tulikunywa kombe siku saba. Alifungwa hirizi. Mimi nilifukizwa chini ya blanketi mpaka nikazimia. Salumu alikuwa safarini kutafuta pembe, na barua haikuweza kumfikia popote.

Jikoni kwetu palikuwa na mwanamke aliyeitwa Kashindi, mtumwa wa nyumba, aliyekuwa na mtoto wake wa kiume mkubwa kidogo kuliko wangu. Alimfunga mgongoni akitwanga. Mtoto yule alikuwa na sauti. Akilia, watu wa nyumba ya tatu wanajua. Kila asubuhi ilinijia ukutani nikiwa na Ramazani mapajani, naye amefungua mdomo wazi. Nilimchukia mtoto yule. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja Kashindi aliingia chumbani bila kuitwa, ameshika kata ya uji. Ulikuwa wa rangi ya udongo.

"Kunywa hii, Bibi," akasema. "Maziwa yako haina nguvu. Sisi wa jikoni tunakula hii, na watoto yetu haipotezi sauti."

"Hiki ni nini?"

"Pumba, na kunde kidogo."

Nilisikia damu imenipanda masikioni. Nilifikiri amejua habari za mama yangu. Nilichukua kata, nikaimwaga dirishani huku ananitazama, na kuku wakaja wakala. Kashindi alichukua kata yake akatoka.

Bi Zena akamwita mganga, mtu wa Tunda aliyehamia kwetu. Alimtazama Ramazani, akatega sikio ukutani, akasikia mtoto wa Kashindi analia nje.

"Hii mutoto haina ugonjwa," alisema. "Sauti yake iko na muntu. Musikilize wenyewe. Ule wa jikoni iko na sauti ya watoto wawili."

Bi Zena alinigeukia. "Mwenye mtoto ni wewe. Sema."

Ulikuwa wakati wa masika, mto umejaa, mvua hainyamazi. Tulikuwa na shamba la mpunga upande wa Kailo: unavuka mto, halafu unatembea siku tatu. Mtu mwenye akili angesema tungoje mvua ipungue. Mimi nilisema, "Kashindi aende leo na mtoto wake." Wagenya, watu wa mtoni, waliitwa waje na mtumbwi wao. Niliangalia kutoka mlangoni. Kashindi alimfunika mtoto kwa nguo yake mwenyewe, na alipofika pale njia inapoteremka kwenda mtoni akageuka akanitazama mara moja. Ukuta wetu ukawa kimya. Nilingoja sauti imrudie mwanangu.

Siku ya nne baadaye, alasiri, nilisinzia nikiwa nimeketi. Nilipoamka jua lilikuwa limefika mlangoni. Uzi ulikuwa umevutwa sana, umekata ngozi ya kidole changu mpaka damu imetoka, na mimi sikuhisi chochote. Vidole vya mikono navyo vilikuwa vimekufa. Ramazani alikuwa amekwisha kwenda. Aliniita kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na sijui aliniita mara ngapi.

Baada ya maziko, msimamizi wa shamba alileta habari kwamba mtoto wa Kashindi naye alifariki, alipigwa na mvua njiani. Nilikuwa nimekaa eda ya moyo wangu, sijala, sijaoga. Nilisema, "Vizuri." Neno hilo nililisema mbele ya Bi Zena na wanawake wawili, na hakuna aliyenikemea. Ningependa wangenikemea.

Salumu aliporudi alilia, akanifariji, akasafiri tena. Miguu yangu ilipata nafuu kidogo, kwa sababu zile siku themanini zilikwisha na nikawa nakula kama watu wengine. Hilo sikuliona wakati ule. Masika mbili zikapita, nikazaa mtoto wa kike, Zainabu. Tulifanya yale yale yote. Wali mweupe, mchuzi wa kuku, mlango kufungwa. Hatukuogopa, kwani mwizi tulikwisha kumfukuza.

Mwezi wa tatu Zainabu akaanza kukwaruza.

Niliijua sauti ile kabla mtu mwingine yeyote nyumbani hajaisikia. Nilikaa sakafuni nikamshika miguu yake. Nilifunga uzi tena, safari hii upande wangu niliushika kwa meno. Bi Zena akasema twende kwa mwalimu.

Nilikaa tena kwenye mkeka ule ule. Tulikuwa akina mama watano siku hiyo, na watoto watatu walikuwa wanalia bila sauti. Hapo, katika kungoja, kwa mara ya kwanza nilitazama watu. Wale wenye watoto bubu mikono yao ilikuwa na hina na nguo zao zilikuwa safi. Walikuwa wake wa nyumba kubwa, nyumba za sinia jeupe. Mwanamke wa jikoni alikuwapo mmoja tu, na mtoto wake alikuwa na jipu kichwani, akipiga kelele mpaka mwalimu aliomba anyamazishwe. Nilimwuliza aliyekaa karibu nami kwao wanatwanga mara ngapi. Alijibu kwa majivuno kidogo, "Tatu, dada. Kwani ninyi?"

Sikungoja zamu yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bi Zena nimesikia kuna mganga mkubwa Kailo. Alinipa machela na wachukuzi. Nilimdanganya, na ule ndio uongo wa kwanza katika mambo haya.

Ilikuwa kiangazi, vumbi la njia linaingia machoni. Kila tulipopumzika nilifungua nguo kuona kama Zainabu anapumua. Nilijiuliza nitasema nini. Mwanamke niliyemfukuza mimi, mtoto wake amekufa kwa neno langu, leo namwendea niombe. Wachukuzi walinishusha mbele ya ghala la mpunga, na Kashindi alikuwa pale, anatwanga, ana mtoto mwingine mchanga mgongoni.

"Bibi amekuja kuangalia shamba?" aliuliza.

"Nimekuja kwako."

Nilifunua nguo. Zainabu alikuwa amefungua mdomo. Kashindi alimtazama, mchi uko juu mkononi.

"Iko nalia," akasema.

"Analia."

"Njo vile ya yule wa kwanza."

"Njo vile," nikamjibu kwa maneno yake. "Ndivyo."

Akashusha mchi akaendelea kutwanga. Nimengoja kwenye baraza nyingi maishani mwangu, sijangoja kama siku ile. Alitwanga mpaka kinu kikaisha, akapepeta, akaweka mchele kando na pumba kando. Wachukuzi wangu walikuwa wananitazama nimekaa chini vumbini na wala sikuwajali.

"Mutoto yangu hakufika huku," alisema hatimaye, bado anapepeta. "Mvua ilitupiga ndani ya mutumbwi, na kesho yake ikatupiga tena. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alilia, na sauti haikutoka. Nikasema, kumbe, imeenda kwa Bibi. Angalau mumoja atapona." Akaweka ungo chini. "Haikufika?"

"Haikufika," nikasema. "Wangu alikufa siku ya nne."

Alifuta mikono. Sijui alifikiri nini, na sitadai kwamba alinisamehe, hakuniambia hivyo. Alisema tu, "Leta," akaniondolea Zainabu, akakata uzi kwa meno yake, akampa ziwa.

Nilikaa Kailo siku kumi na nne. Nilikula chungu kimoja na watu wa shamba: mchele uliotwangwa mara moja, kunde, sombe, na uji wa pumba asubuhi. Kwenye kijiko cha kwanza nilimwona mama yangu. Kashindi alikaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Alimnyonyesha Zainabu pamoja na binti yake, mmoja huku, mmoja huku, na mimi nikitwanga kwa zamu yake nikiwa nimeketi, maana miguu haikunibeba.

Siku ya pili mtoto hakutapika. Siku ya tatu, mchana, watu wakiwa wanapumzika, nilisikia mlio wa mtoto. Nilijua si wa binti wa Kashindi. Ulianza kwa kukwaruza, ukapasuka, ukatoka wote. Nilianguka nikiinuka, nikaenda kwa kutambaa. Zainabu alikuwa mikononi mwa Kashindi, mwekundu kwa hasira, anapiga kelele. Kashindi alikuwa anamtazama mdomoni, uso wake sijawahi kuuona hivyo. Akanipa mtoto haraka, akaenda nyuma ya ghala, na hakurudi mpaka jioni.

Siku ya kuondoka nilimwambia nitamwombea uhuru kwa Salumu.

"Ile iko mukono ya bwana yako, haiko mukono yako," akasema. "Wewe uko na mudomo. Useme mbele ya wanamuke wa Kindu kama mimi sikuiba. Mutoto yangu alizikwa na jina ya mwizi. Njo hiyo tu nataka."

Nilimwapia kwa Mungu.

Nilifika nyumbani, wanawake wakajaa uani kumsikia Zainabu akilia. Bi Zena akaniuliza mganga wa Kailo ametoa dawa gani. Pale, mbele yao wote, mdomo ninao, nilisema, "Mizizi." Niliogopa, na nitasema nilichoogopa. Mtoto aliyenyonya kwa mwanamke huwa mwanawe, sheria yetu ndiyo hiyo. Binti yangu amekuwa mtoto wa Kashindi, ndugu wa watoto wa jikoni. Nani angekuja kumposa? Nikasema nitasema mwezi ujao. Nikasema nitasema Bi Zena akishafariki. Kwa siri nilichota pumba, nikasema ni za kuku, nikazila nimejificha chooni. Miguu yangu ilirudi, isipokuwa vidole viwili ambavyo mpaka leo havisikii moto. Salumu aliporudi sikumwomba uhuru wala chochote, kwa sababu angeuliza kwa nini.

Bi Zena alifariki. Halafu vita vikaja, watu wa bendera ya nyota, Wazungu na askari wao, wakapanda mto, mashamba ya Kailo yakachomwa. Palipotulia nilikwenda kumtafuta Kashindi, safari hii kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikuta kinu kimepasuka na majani marefu. Watu wa kijiji cha jirani walisema waliokuwa shambani walitawanyika, wengine msituni, wengine hawajulikani. Nilikaa pale nikasema kwa sauti kwamba hakuiba. Hapakuwa na mwanamke wa Kindu hata mmoja wa kunisikia, kwa hiyo haikuhesabika.

Mwaka huu, mavuno ya mpunga, Zainabu mwenyewe amejifungua mtoto wa kiume. Ameolewa katika nyumba nzuri. Nilikwenda siku ya tisa kumtazama, na kabla sijavuka kizingiti nikasikia mchi uani. Nilisimama nikahesabu. Walitwanga, wakapepeta, wakarudia, wakapepeta, wakarudia. Ndani Zainabu alikuwa na sinia jeupe mapajani, anakula akitabasamu, na mama mkwe wake akaniambia, "Tunamtunza mwanao, usiwe na wasiwasi."

Nilirudi kwangu, nikapika uji wa pumba na kunde, nikaubeba mchana kweupe kupitia sokoni. Wanawake saba walikuwa chumbani kwa mzazi. Nikaweka chungu katikati yao, nikasema yote niliyoyaandika hapa. Nilisema habari za mama yangu, za kata niliyoimwaga, za mtumbwi, za uzi. Nilisema Zainabu alinyonya kwa nani. Nilisema Kashindi hakuiba sauti ya mtu, wala mtoto wake hakuiba, tulioiba ni sisi. Mama mkwe wa Zainabu alifunika uso kwa ushungi. Wawili wakainuka wakatoka. Mmoja alibaki akauliza taratibu, "Zinapikwaje?"

Mama unayesomewa haya, zinapikwa hivi: usitwange zaidi ya mara moja, na kile kinachobaki kwenye ungo usikitupe. Ule na kunde. Atakayekucheka, mwache acheke.

Zainabu alikunywa uji wote bila kuniangalia. Kisha akamweka mtoto begani, akaniuliza, "Yule mutoto wa Kashindi, yule aliyekufa njiani, jina lake nani? Nataka kumwita huyu jina lake."

Nilikaa na mtoto yule nyumba moja karibu miezi sita. Nilisikia sauti yake kila asubuhi. Nilikaa Kailo siku kumi na nne nikila na mama yake. Wote ndani ya chumba walinigeukia kungoja. Nikafungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka.